Waya Uliokufa Mara Mbili

Katandala, Sumbawanga

13 Novemba 1993

Mvua ya kwanza imenyesha na kumbikumbi wametoka. Minza amewakaanga kwa chumvi, tukala uani: mimi, yeye na mumewe Masunga, wapangaji wangu wa chumba cha nyuma. Masunga ni fundi umeme. Anakula huku anaongea, anaongea huku anacheka, na kunyamaza hajui. Baba yake ana ng'ombe bondeni Ilemba, na mpaka leo hajamsamehe mwanawe kwa kutupa fimbo akashika plaizi.

"Bibi, mimi sijaacha ufugaji," ananiambia. "Ng'ombe anapiga teke, umeme unapiga teke. Ila umeme hauachi mavi mlangoni."

Kusema kweli hanipendezi sana. Nilizoea nyumba yenye ukimya wa kusomea.

17 Novemba

Ukungu mpaka saa tano. Nimefuma, nimesoma, nimelala.

21 Novemba

Leo nimewatazama kazini, Masunga na mwenzake Urbano, Mfipa wa hapa hapa Katandala, mtu wa maneno machache ambaye kazi yake kubwa ni kushika ngazi. Shirika la umeme limewapa kandarasi ya nyaya za mtaa wetu. Siku hizi kila kitu ni cha mtu binafsi, hata hatari.

Ngazi yao ni miti miwili ya mkaratusi, na vipandio vimefungwa kwa kamba za ngozi ya ng'ombe. Masunga alipewa na baba yake siku alipoondoka nyumbani. "Ndio urithi wangu wa ng'ombe, Bibi. Wenzangu walipewa wenye miguu." Kamba zile zikikauka ni ngumu kama mfupa. Zikilowa sijui. Mkanda wa kujifungia nguzoni anao, mzuri, mpana, lakini unaning'inia msumarini nyuma ya mlango wao.

"Ule wa kuonyesha wakaguzi. Nikijifunga, nikikutana na nyoka huko juu nitashukaje?"

Na hivi ndivyo wanavyojua kama waya una umeme: wanasikiliza. Mashine ya mji, ile ya dizeli, inanguruma usiku kucha, na asubuhi inazimwa ili kubana mafuta. Mafundi wa mji huu wanaiita Mzee. Ngurumo ikikatika, mtaa mzima unausikia ukimya wake. Urbano anainua kidole: "Mzee amelala." Masunga anatemea viganja mate, anapanda. Testa yake, ile bisibisi ya kupimia umeme, iliungua zamani na hakutafuta nyingine. "Testa ninazo mbili," anasema, na anavuta masikio yake.

Nilipopita na ndoo akanipigia kelele kutoka juu: "Shikamoo Bibi! Na wewe hujalala?"

Mtu anayemwamkia mkubwa akiwa juu ya kichwa chake! Nilimwitikia, lakini polepole.

4 Desemba

Rhoda ameleta jenereta. Huyu ni jirani yangu wa kulia, mfanyabiashara aliyetoka Mbeya, mwanamke wa kanisani na wa kazi. Nampenda. Ndiye anayenihifadhia magazeti yanayofungia sukari, bila kuyachana. Jenereta imekuja kwa lori kutoka Tunduma: kuukuu, ya dizeli, ya kuwashwa kwa hendeli, chuma kizito kilichopinda kama goti. Amenichukua kwa mkono kunionyesha.

"Tazama, Mama Coleta. Waya mmoja, vichwa viwili. Kimoja hapa kwenye jenereta, kingine nachomeka kwenye soketi ya ukutani, na nyumba nzima inawaka. Friji, taa, video. Mchana kweupe, Mzee wao akiwa amelala!"

"Na umeme wa mji ukirudi?"

"Aliyeniuzia kaniambia kwanza nishushe mein swichi, ile inayounganisha nyumba na waya wa nje, wangu na wa mji wasigombane. Juzi nilisahau. Ikaguna kama mbuzi anayeburutwa, ikazima. Sitarudia."

Nilikunywa soda ya baridi, mimi niliyezaliwa Moba, ng'ambo ya ziwa, na kuvuka maji mwaka sitini na nne na mume, cherehani, na mvua ya risasi mgongoni. Sikutegemea kuuona uzee wenye barafu.

10 Desemba

Mvua ya mawe. Tawi la mkaratusi limeangukia waya pale juu ya mtaa na kuukata. Mwisho huu wa mtaa umebaki peke yake na kipande cha waya kinachoning'inia: nyumba ya Rhoda na yangu, basi. Nasoma kwa kibatari.

12 Desemba

Rhoda hana giza, ana jenereta. "Na sasa sihangaiki tena na mein swichi," ameniambia. "Umeme wa mji haupo. Wangu utagombana na nani?"

Nikaona ana akili.

13 Desemba

Nitaandika usiku huu huu, kwa kuwa kesho watu watasimulia vingine.

Asubuhi Mzee alilala. Manyunyu yalikuwa yamekatika, Masunga na Urbano wakaja kuunga waya. Niliwapa chai. Urbano aliitazama ngazi, akabonyeza kamba kwa kidole gumba. Zilikuwa zimelowa.

"Zimelegea. Tungoje jua."

"Mshikaji, jua la Desemba utalingoja mpaka Pasaka." Kisha Masunga akanigeukia. "Bibi, usiogope. Waya huu umekufa mara mbili. Mzee amelala, na wenyewe umekatika. Hata maiti hafi mara mbili."

Akapanda. Mkanda ulikuwa msumarini.

Niliingia jikoni kugeuza dagaa. Nikasikia jenereta ya Rhoda ikianza kukohoa, maana mvua ikiwafukuza watu sokoni ndipo wanapomjia kulipa watazame sinema kwenye video yake. Urbano alisema, "Rhoda kawasha," na Masunga akajibu kutoka juu, "Ile ni ya ndani kwake."

Nikatoka jikoni, nikapita chumbani kuchukua kitambaa, nikaona globu yangu inawaka. Nilifurahi! Nilisema kwa sauti, peke yangu, "Ameunga!" Nikaenda mlangoni kumpongeza yule mtu mwenye kelele.

Alikuwa chini mtaroni, ngazi juu yake, vipandio viwili vimechomoka. Urbano alikuwa amepiga magoti kwenye tope akimwita kwa jina, na akimwita tena. Mguu wa Masunga ulikuwa umeelekea upande ambao mguu hauelekei. Kiganja chake kilikuwa na mstari mweusi, na kilinuka kama kwato zinapochomwa. Minza alikuja mbio, akakaa chini, akakichukua kichwa chake mapajani. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Masunga alikuwa kimya. Nilimchukia sana Mungu kwa ule ukimya nilioutaka mimi mwenyewe.

Wamempeleka hospitali kwa lori la mahindi. Anapumua.

14 Desemba

Anaongea. Mguu umevunjika, kiganja kimeungua. Aliloniambia kwanza: "Bibi, maiti amenipiga kofi."

16 Desemba

Mtaa umekwisha kupata jibu: radi ya kutumwa. Waya uliokufa mara mbili haung'ati, kwa hiyo kuna aliyeutuma. Siku ile hapakuwa na ngurumo wala mawingu mazito, nao wanasema hiyo ndiyo dalili yenyewe.

Bwana wa shirika alikuja na kalamu sikioni, akatazama mkanda ulioning'inia msumarini, akasema: "Uzembe." Akaondoka. Hakuuliza waya ulipata wapi umeme. Wale wanasema radi, huyu anasema uzembe, na wote wamelala salama.

Nimewaambia kila aliyenisikiliza kwamba globu yangu iliwaka. Wananijibu, "Bibi, ulikuwa na mshtuko." Nilishtuka baada ya kuiona globu, si kabla. Mambo hayo mawili nayajua mpangilio wake.

19 Desemba

Rhoda amefunga duka, amekwenda Mbeya kwa sikukuu na hendeli ya jenereta ndani ya begi lake, asije mtu akaiwasha. Hakuniaga.

25 Desemba

Krismasi. Kanisani hakuna aliyekaa kwenye benchi langu.

3 Januari 1994

Isdori, mjumbe wetu, amekuja kuniona. Ni mtu wa rika langu, mpole, anazunguka neno kama kuku anayetafuta pa kutaga.

"Mama Coleta, hewa ya huku juu ni baridi kwa mifupa yetu. Kule Kirando, ziwani, una watu wako. Ungeenda ukapumzika kidogo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka maneno yapoe."

"Maneno yapi, Isdori? Yaseme. Uko nyumbani kwangu na unakunywa chai yangu."

Akatazama kikombe. "Wanasema bibi wa Kongo anakaa karibu na nguzo."

"Nguzo ndiyo iliyokuja karibu na mimi. Nilikuwa hapa kabla haijaota."

Alicheka kidogo, maskini, kisha akakumbuka hakuja kucheka.

Nimeshahamishwa. Mara ya kwanza kwa bunduki, kutoka Moba. Mara ya pili kwa lori, mwaka sabini na nne, tulipotolewa karibu na ziwa na kushushwa porini tuambiwe hapo ni kijijini kwetu. Mara zote mbili nilikunja vitu vyangu kwa adabu. Lakini mara zile nilipoondoka sikumwachia mtu kifo. Nikiondoka sasa, radi itakuwa imepata mwenyewe, kila mtu ataridhika, na Urbano atapandishwa kwenye waya ule ule, maana lazima uungwe. Siendi.

6 Januari

Masunga amerudi na magongo mawili na plasta mpaka pajani. Nilidhani yeye atanielewa. Nilipomweleza habari za globu alitazama pembeni. Baba yake ametuma mtu kutoka Ilemba na dawa ya kuoshea ngazi.

"Sikusemi wewe, Bibi," alisema. "Lakini mimi nina miaka kwenye kazi hii. Umeme una njia yake. Ule haukuwa na njia."

"Basi dawa itaziba njia ambayo haipo?"

Minza, ambaye husema mara moja kwa mwezi, alisema: "Bibi amekuosha kinyesi hospitali. Aliyekutumia radi angekuosha?"

Baadaye niliiona chupa ya dawa imemwagwa nyuma ya choo.

11 Januari

Naiacha swichi yangu imewashwa mchana na usiku, na nakaa chini ya globu. Kama yule anayengoja samaki, ila samaki wangu yuko juu.

17 Januari

Rhoda amerudi jana. Leo saa nane mchana Mzee amelala, jenereta ikakohoa, globu ikawaka.

Jenereta ikazimwa, globu ikazimika.

Nimesoma vitabu vingi katika maisha yangu, na hakuna hata kimoja kilichonipa furaha ya namna hii, na hasira ya namna hii, katika dakika moja.

18 Januari

Nimewaalika chai: Rhoda, Isdori, Urbano, na Masunga na mguu wake juu ya kigoda. Rhoda hakutaka kuja, nikamfuata. Nilimwomba amwambie Adolfu, anayemwendeshea video, awashe jenereta tukiwa tumekaa.

Globu iliwaka juu ya vichwa vyetu, nyekundu kama kiini cha yai. Nikamtuma Urbano uani apige mluzi Adolfu azime. Globu ikafa. Mluzi tena, ikawaka.

Masunga alikuwa ameshika kiganja chake kibovu kwa kile kizima. "Umetoka kwenye soketi," alisema taratibu. "Ukapanda kwenye mita kinyumenyume, ukatoka nje. Mein swichi ilikuwa juu. Mimi namsikia Urbano ananiambia, na mimi nasema, ile ni ya ndani!" Akaanza kucheka, kicheko kibaya, machozi yakimtoka. "Bibi, ng'ombe alitokea mlango wa jirani."

Isdori alivua kofia, kana kwamba kuna marehemu.

Rhoda ndiye aliyenishangaza. Alisimama, akaitazama globu, akanitazama mimi.

"Kumbe Mama Coleta unatumia umeme wangu! Dizeli yangu!"

"Rhoda, mtu alianguka."

"Nasikia. Na mimi nasema, umeme wangu ulikuwa ndani ya nyumba yangu. Nani aliuruhusu utoke?" Akaondoka. Mlangoni nikaona bega lake linatikisika. Hakuwa na hasira. Aliogopa, na hofu ya mtu mwenye duka huvaa nguo za hasira.

26 Januari

Salamu zimerudi mtaani. Sikuzikimbilia.

Masunga anasema dawa ya jenereta ni swichi kubwa ya kuchagua, ama umeme wa mji, ama wa jenereta, kamwe si vyote viwili. Inapatikana Mbeya. Rhoda amesema ataagiza, na kwa sasa atashusha mein swichi, na siku ya kuunga waya hatawasha kabisa. Ameapa kwa Biblia. Bwana wa shirika naye amerudi: waya uungwe, Masunga akiwa mgonjwa Urbano apande.

2 Februari

Urbano alipanda leo. Amefunga vipandio upya kwa misumari na waya, na amejifunga ule mkanda wa msumarini. Rhoda alikuwa sokoni. Mvua ikashuka, watu wakajaa kwenye video wakidai sinema, wanapiga benchi kwa viganja. Mimi nimekaa chini ya globu yangu.

Ikawaka.

Sijakimbia tangu mwaka sitini na nne. Leo nimekimbia. "Urbano, toa mkono! Toa mkono!" Mkono wake ulikuwa unauendea waya. Aliurudisha kifuani kama mtu aliyeguswa na moto, akabaki ameinamia mkanda wake, akining'inia, akihema. Hakuanguka. Mkanda ulimshika.

Adolfu alisema hakujua kama ni leo. Rhoda aliporudi alilia kwelikweli, akampiga Adolfu kwa kanga. Kiapo chake kilikuwa cha kweli. Lakini kiapo hakikai kwenye jenereta. Hendeli ndiyo inayokaa, na mwenye kuishika ndiye mwenye umeme.

3 Februari

Asubuhi, Mzee alipolala, nilivaa koti la marehemu mume wangu, nikachukua kigoda na kitabu, nikaingia kibanda cha jenereta. Nikaitoa hendeli. Ni nzito kuliko nilivyodhani, na ina grisi. Nikaifunga ndani ya kanga, nikaipakata, nikamwambia Urbano: "Panda."

Mvua ilikuja saa tano. Wateja wa video nao.

"Bibi, tuachie hendeli, sinema ilibaki katikati!"

"Mwisho wake nitawaambia mimi. Anakufa."

"Nani?"

"Yule aliyekuwa juu ya ngazi."

Kijana mmoja akanitania: "Huyu bibi kabeba mtoto wa chuma, atanyonyesha nini?" Nikamjibu, "Dizeli. Sogea, usije ukaonja." Wenzake wakamzomea yeye.

Kisha akaja Rhoda. Alisimama mlangoni, maji yakimchuruzika kwenye kilemba.

"Mama Coleta, hii ni mali yangu."

"Ni yako."

"Nina friji la samaki ndani."

"Najua. Watanuka. Nitawasafisha mimi."

"Nikimwita Isdori akuondoe?"

"Mwite. Mwite na bwana wa shirika. Nimehamishwa kwa bunduki, Rhoda, na nimehamishwa kwa lori. Wewe utanihamisha kwa nini? Kwa friji?"

Nje Masunga, kwenye kiti, na plasta yake kwenye mfuko wa mbolea isilowe, alikuwa ameikumbatia ngazi kwa mikono miwili na kumwimbia Urbano wimbo wa kuita ng'ombe. Rhoda akaingia. Hakukaa mbali. Aligeuza debe tupu, akaketi karibu yangu, akavua kilemba akakikamua.

"Siku ile niliposikia ameanguka," alisema, "nilizima, nikashusha mein swichi. Mikono yangu ilijua kabla ya kichwa. Kisha nikaipandisha tena, nisionekane najua, nikakimbilia Mbeya, nikawaacha wakuseme."

Sikumwambia si kitu, maana ni kitu. Nilimpa upande wa kanga afute uso, ule usio na grisi.

Jioni Mzee aliamka. Globu yangu iliwaka nyeupe.

9 Machi

Mvua tu. Plasta imetolewa. Mguu wa Masunga umekuwa mwembamba kama mpini, naye anausalimia: "Mambo?" Anajijibu, "Poa."

30 Machi

Maharage yameiva. Swichi kutoka Mbeya haijafika.

23 Aprili

Mvua inatuaga. Leo Masunga amepanda tena, kwa mara ya kwanza, nguzo ya mbele ya duka la Rhoda. Vidole viwili vya ule mkono havikunjiki sawasawa. Ngazi ni mpya, ya mninga, na testa anayo mfukoni. Mkanda ameufunga. Na kwenye mkanda, imening'inia nyuma kama mkia, hendeli ya jenereta ya Rhoda. Ndivyo wanavyofanya sasa yeye na Urbano, na wamewafundisha mafundi wengine: popote penye jenereta, anayepanda anapanda na hendeli yake, na haishuki mpaka yeye ashuke. Baba yake alikuja kutoka Ilemba kutazama, akashika ngazi kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine.

Rhoda alikuwa chini, mikono kiunoni. "We Masunga, fanya haraka, watu wanangoja sinema!"

"Mzee amelala, Mama. Lala na wewe kidogo."

Aliponiona nikipita na ndoo, alinyamaza. Akamaliza kukaza, akashuka kipandio kwa kipandio, hendeli ikigonga ngazi, mpaka miguu yake ikafika ardhini. Ndipo akasema, "Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Isdori ameniuliza kama bado nawaza kwenda Kirando. Nimemwambia ndiyo, kiangazi, kununua dagaa. Nitaacha lile koti la marehemu mume wangu msumarini nyuma ya mlango, na siku ya tatu nitarudi kulivaa.